Sauti Zilizovuka Ukuta wa Gereza

Kila mwaka yanapofika maonyesho ya Saba Saba mjini Dar es Salaam, banda la Magereza halikosi watu. Wananchi huingia, hukalia viti, hupapasa meza na vitanda, husifu mbao na msasa, kisha huuliza bei. Kwa jirani zetu wa Kenya nako, kwa miaka mingi vibao vya namba za magari vimekuwa vikitengenezwa na wafungwa wa gereza la Kamiti, karibu na Nairobi. Kwa hiyo mikono ya wafungwa tunaifahamu, na kazi yake tunaitumia. Lakini ni nani kati yetu aliyewahi kukalia kiti kile akauliza jina la fundi aliyekiranda?

Hiyo ndiyo tofauti ya kiti na wimbo. Kiti hutoka gerezani kimya. Wimbo, shairi na hadithi hutoka na jina la mwenyewe, na hutoka vikisema. Ndiyo sababu safari hii, katika ukurasa huu wa Nchi Jirani, tumeona tueleze habari za kazi tatu za sanaa zilizotungwa na watu waliokuwa kifungoni, mbili nchini Kenya na moja nchini Malawi, na jinsi zilivyowafikia watu wa nje. Hatuelezi kwa kupitisha wakati. Kazi hizo zinatuhusu sisi wa viwandani na wa mashambani, na zinatuonyesha kwamba mfungwa peke yake hawezi kuvusha sauti yake. Lazima awepo mtu wa nje wa kuipokea.

KIJANA ALIYEULIZA "TWENDAPI?"

Tuanze na mtu wa Mombasa. Abdilatif Abdalla alizaliwa huko mwaka 1946. Mwaka 1968, akiwa kijana wa miaka 22, aliandika karatasi ya siasa yenye kichwa "Kenya: Twendapi?" Wakati ule alikuwa mfuasi wa KPU, chama cha upinzani kilichoongozwa na Oginga Odinga. Uhuru ulikuwa na miaka mitano tu, na kijana huyu alikuwa akiuliza kama njia iliyoshikwa na wakubwa ndiyo ile waliyoahidiwa wananchi. Serikali haikulipenda swali hilo. Abdilatif alishitakiwa, akafungwa miaka mitatu, tangu mwaka 1969 hadi 1972.

Gerezani alitengwa peke yake. Hakuruhusiwa kuandika. Lakini mtu aliyekulia katika nyumba ya washairi, ambaye ndugu yake Ahmad Nassir naye ni mshairi anayejulikana pwani nzima, hawezi kuambiwa asitunge, kama vile mkulima hawezi kuambiwa asitazame mawingu. Alitunga. Aliandika mashairi yake kwenye karatasi za chooni, na yakatolewa nje kwa siri.

Mwaka 1973 mashairi hayo yalipigwa chapa yakawa kitabu, *Sauti ya Dhiki*. Mwaka uliofuata, 1974, kitabu kikapewa Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta. Tafakari jambo hilo, ndugu msomaji. Tuzo ilikuwa na jina la rais yule yule ambaye serikali yake ilimfunga mtungaji. Aliyefungwa kwa maneno yake akasifiwa kwa maneno yake, na walinzi wa gereza hawakuwa na la kufanya.

Katika kitabu hicho limo shairi la watu wawili wanaogombea mnazi mmoja, kila mmoja akivutia kwake. Aliyefanya kazi katika mashamba ya nazi hahitaji kufundishwa maana yake. Anajua kwamba kuna anayeupanda mnazi na kuna anayeuza nazi, na mara nyingi si mtu mmoja. Wasomaji wengi wameona kwamba mnazi ule ni nchi nzima. Mshairi hakulazimika kutaja jina la mtu. Alitaja mti tu, na kila aliyesoma akajua anasimama upande gani wa shina.

Alipofunguliwa mwaka 1972, Abdilatif alihamia kwetu Tanzania. Alifanya kazi katika Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, hadi mwaka 1979 alipokwenda London. Kwa hiyo huyu si mgeni kwetu. Alikula ugali wetu na kuifanyia kazi lugha tunayoizungumza viwandani.

WAFANYAKAZI WALIOPIGA HESABU

Habari ya pili inaanzia nje ya gereza, kwa wafanyakazi wenyewe. Kamiriithu ni kijiji cha Limuru, si mbali na Nairobi. Wakazi wake wengi walikuwa vibarua wa mashamba ya chai, wafanyakazi wa kiwanda kikubwa cha viatu kilichokuwa karibu, na wakulima wenye vishamba vidogo au wasio na shamba kabisa. Mwaka 1976 walikuwa na kituo chao cha elimu na utamaduni, na watu wazima walikuwa wakijifunza kusoma na kuandika. Wakataka pia mchezo wa kuigiza.

Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyekuwa mwalimu wa Chuo Kikuu cha Nairobi, na Ngũgĩ wa Mĩriĩ wakaandika mchezo kwa lugha ya Kigikuyu uitwao *Ngaahika Ndeenda*, ambao kwa Kiswahili unaitwa *Nitaolewa Nikipenda*. Unaeleza habari za kibarua wa shambani anayepokonywa na tajiri kipande chake kidogo cha ardhi. Wanakijiji hawakuupokea kama wanafunzi wanavyopokea imla. Waliusahihisha. Wazee walisema mzee haongei hivi, anaongea vile. Akina mama walileta nyimbo. Na wafanyakazi walileta hesabu.

Ngũgĩ ameeleza mwenyewe jinsi kikundi kimoja cha wafanyakazi wa kile kiwanda cha viatu kilivyokaa chini kumweleza mambo yao. Kiwanda kilikuwa na wafanyakazi wapatao 3,000. Walipopiga hesabu waliona kwamba viatu walivyotengeneza kwa siku moja tu vilikuwa na thamani ya mishahara ya wafanyakazi wote kwa mwezi mzima. Siku moja! Zile siku nyingine zilikuwa za nani? Hesabu kama hiyo hakuna mwandishi anayeweza kuibuni akiwa mezani. Inatoka kwa mtu aliyeshika kiatu.

Wanakijiji walijijengea ukumbi wa wazi wa kukaa watu zaidi ya 2,000. Mchezo ulianza kuonyeshwa mwezi Oktoba 1977, na watu wakafurika kutoka vijiji vya mbali. Novemba 16, 1977, kibali kilifutwa. Usiku wa kuamkia Desemba 31, askari walifika nyumbani kwa Ngũgĩ wakamchukua. Alipelekwa Kamiti akawekwa kizuizini bila kushitakiwa mahakamani. Tangu hapo jina lake lilikuwa namba: K6,77.

KITABU CHA KARATASI YA CHOONI

Huko Kamiti, Ngũgĩ alikata shauri. Vitabu vyake vya hadithi vya awali aliviandika kwa Kiingereza. Sasa aliamua kuandika hadithi ndefu kwa Kigikuyu, lugha ya wale walioigiza naye, lugha ambayo serikali ilikuwa imeiogopa jukwaani. Karatasi ilikuwa ile ile ya chooni. Alieleza baadaye kwamba ilikuwa ngumu na ya kukwaruza, haifai kwa mwili, lakini kwa sababu hiyo hiyo ilistahimili kalamu. Maneno na methali alipokuwa amepungukiwa, aliyaokota katika mazungumzo na wenzake wa kizuizini na hata na askari waliomlinda.

Siku moja vyumba vilipekuliwa na karatasi zake zote zikachukuliwa. Kazi ya miezi mingi ikawa imekwenda. Baada ya majuma kama matatu mkuu wa gereza alimrudishia, akisema haoni ubaya ndani yake. Yeyote aliyewahi kushona nguo akaona inarudi na alama ya kukataliwa, au kukata mkonge wa siku nzima akaambiwa haupimwi, anaweza kukisia majuma matatu yale yalivyokuwa.

Ngũgĩ alifunguliwa Desemba 12, 1978. Kitabu chake, *Caitaani Mũtharabainĩ*, kilitoka mwezi Aprili 1980, na baadaye kikafasiriwa kwa Kiswahili kwa jina la *Shetani Msalabani*. Ndani yake yumo msichana Warĩĩnga, karani aliyefukuzwa kazi kwa sababu alimkataa tajiri wake. Anafika katika karamu ambako wezi wakubwa wanashindana kujisifu, kila mmoja akieleza kwa fahari namna anavyowaibia wananchi. Mwingine anafikiri hata hewa ingeweza kutiwa chupani ikauzwa.

Sasa tazama kilichotokea. Wachapishaji walipiga nakala 5,000, wakidhani zitachukua miaka kadhaa kwisha. Haukupita muda mrefu wakapiga nyingine 5,000, na kabla ya mwaka 1980 kwisha wakapiga 5,000 tena. Lakini hesabu ya nakala si hesabu ya wasikilizaji. Familia moja ilinunua kitabu kimoja, na jioni anayejua kusoma akawasomea wote. Viwandani, wakati wa chakula cha mchana, wafanyakazi walikaa kwa makundi mmoja akisoma kwa sauti. Kilisomwa ndani ya mabasi. Kilisomwa vilabuni, ambako msomaji akifika mahali patamu aliweka kitabu chini, glasi yake ikiwa tupu, na wasikilizaji wakajua la kufanya!

Ukumbi wa Kamiriithu wenyewe ulibomolewa na serikali mwezi Machi 1982. Ngũgĩ aliishi uhamishoni muda mrefu na alifariki mwaka 2025. Lakini ukumbi wa mbao na matete unabomoleka, na mdomo wa mtu anayewasomea wenzake saa saba mchana haubomoleki. Kitabu kile kilivuka ukuta mara mbili: mara ya kwanza mikononi mwa aliyekiandika, mara ya pili midomoni mwa wafanyakazi waliowasomea wenzao wasiojua kusoma.

NYIMBO ZA ZOMBA

Watu hao wawili walifungwa kwa ajili ya siasa, na mtu anaweza kusema kwamba hao ni wasomi, kalamu ni jembe lao. Haya, twende Malawi, tukawasikie watu wasiojulikana.

Gereza la Zomba ni la zamani. Lilijengwa kwa ajili ya watu wapatao 340, lakini mwaka 2013 walikuwamo zaidi ya 2,000. Mwaka huo Mmarekani mmoja arekodiye muziki, Ian Brennan, alifika pamoja na mkewe Marilena Delli, mpiga picha, wakapewa ruhusa ya kurekodi nyimbo za wafungwa, wanaume kwa wanawake, na za baadhi ya askari wao. Wanaume walikuwa na bendi yenye vyombo. Wanawake hawakuwa na vyombo kama hivyo, na walipoulizwa walijibu kwamba wao si watungaji, hawana nyimbo. Kisha mmoja akasogea mbele akaimba. Alipomaliza, mwingine akasogea, na mwingine, wakawa wanapokezana.

Tunaomba mpazingatie hapo. Mara ngapi katika mikutano ya matawi yetu tumeuliza, "Nani ana la kusema?" na akina mama wa idara ya kufungasha wakajibu kwamba hawana? Wanalo. Wanangoja aanze mmoja na kuona kama tutamsikiliza.

Santuri ya nyimbo 20 ilitoka mwezi Januari 2015, nyingi zikiwa kwa Kichewa. Jina lake ni *I Have No Everything Here*, ambalo kwa Kiswahili ni kama kusema: hapa sina hata kimoja. Kila wimbo ulitajwa pamoja na jina la aliyeuimba. Mwisho wa mwaka huo iliteuliwa kushindania tuzo ya Grammy ya Marekani, jambo ambalo halikuwa limepata kutokea kwa muziki wa Malawi. Mwezi Februari 2016 tuzo ilichukuliwa na Angélique Kidjo, mwimbaji wa Benin. Lakini kwa waliokuwa Zomba kulikuwa na jambo kubwa kuliko tuzo. Fedha zilizopatikana zilisaidia kuwapatia wafungwa mawakili wa kuzitazama upya kesi zao, na taarifa za wakati ule zilisema wanawake watatu waliachiliwa.

Wanawake watatu kati ya watu zaidi ya 2,000 ni wachache. Lakini ulizeni watoto wao kama ni wachache.

"KWA NINI TUWAPIGIE MAKOFI WEZI?"

Tunajua wako ndugu watakaouliza hivyo, na ni swali la haki. Zomba waliimba watu waliohukumiwa kwa wizi na hata kwa kuua. Aliyeibiwa baiskeli yake ya kwendea zamu hapendi kusikia mwizi anasifiwa sauti. Wala hatusemi kwamba wimbo unafuta kosa. Mtu aliyeumizwa ana haki yake, na hakuna wimbo unaoweza kumlipa.

Lakini hakimu anapotoa hukumu, anataja miaka. Hataji kwamba mtu huyo asiwe na jina tena, wala kwamba watoto wake wasimsikie. Na sisi watu wa mishahara midogo tunajua jambo jingine: si kila aliye ndani ana hatia, na si kila mwenye hatia yuko ndani. Mara nyingi aliye na wakili hutoka, asiye na wakili hungoja.

Sisi tunaotembelea matawi tumeyaona haya. Tunamkumbuka mkata mkonge mmoja aliyewekwa mahabusu kwa kesi ya magunia mawili ya mbolea. Kesi iliahirishwa, ikaahirishwa tena. Shambani watu waliacha kumtaja. Mkewe alikuwa akifika ofisi ya tawi kuuliza kama jina la mumewe bado limo katika kitabu cha wanachama. Mtu huyu ndiye aliyekuwa akitutungia ngonjera za Mei Mosi. Siku moja mkewe alileta barua kutoka kwake, imeandikwa kwa beti. Hakuomba fedha. Alisimulia tu mahali alipolala, watu aliolala nao, na kelele za korona anazozikumbuka alfajiri. Katibu aliisoma mkutanoni. Waliokuwa wakimwita mwizi walinyamaza, kisha mzee mmoja akavua kofia yake akaipitisha. Ilipatikana nauli ya mkewe ya kwenda kumwona kila mwezi.

Kama aliiba au hakuiba ni kazi ya mahakama. Kazi ya tawi ilikuwa kuhakikisha kwamba siku akitoka, analikuta jina lake kitabuni. Alilikuta.

LA KUFANYA

Ndugu wafanyakazi, kazi hizi tatu zilitoka kwa njia mbalimbali. Mashairi ya Abdilatif yalitoka kwa siri. Karatasi za Ngũgĩ zilichukuliwa zikarudishwa. Nyimbo za Zomba zilitoka kwa ruhusa, mchana kweupe. Lakini zote zingekufa kama zisingepata mtu wa nje wa kuzipokea: wa kuzipiga chapa, wa kuzinunua, wa kuzisoma kwa sauti, wa kuzipeleka mbele. Mtu huyo wa nje ni mimi na wewe. Basi tunapendekeza haya kwa matawi.

Kwanza, tusifute jina la mwenzetu kwa sababu tu amekamatwa. Kushitakiwa si kuhukumiwa. Tawi lichague watu wawili wa kumtembelea kwa kufuata taratibu za gereza, na wamuulize afya yake, kesi yake, na kama ana wakili.

Pili, turudishe usomaji wa wakati wa chakula. Kitabu kimoja kinatosha watu thelathini, akipatikana mmoja mwenye sauti. *Sauti ya Dhiki* ni Kiswahili chetu wenyewe, na *Shetani Msalabani* kimefasiriwa. Asiyejua kusoma asione haya. Masikio yake ni mazima, na huenda maana akaijua kuliko msomaji.

Tatu, tunaponunua kazi ya mfungwa, iwe kiti, kikapu au picha, tuulize: nani ameifanya, na yeye anapata nini? Sisi ambao mgogoro wetu wa kila siku ni malipo ya jasho hatuwezi kuwa wanunuzi wasiouliza habari za jasho la mwingine. Mfano wa Zomba unaonyesha kwamba fedha za wimbo zinaweza kurudi kwa waimbaji kwa njia ya wakili.

Nne, mwenzetu akitutumia ubeti, wimbo au mchoro kutoka huko aliko, tusiuweke mfukoni. Tuusome mkutanoni. Aliyeandika kwenye karatasi ya chooni hakuandika ili sisi tuikunje.

Katika mashamba neno nyapara tunalijua, na gerezani pia wanalijua, neno moja katika sehemu mbili. Anayejua maana ya kuhesabiwa asubuhi, kupewa kazi ya kipimo na kusubiri kengele hana budi kumwelewa upesi zaidi aliye ndani. Kama sisi hatutamsikiliza, nani atamsikiliza?

Umoja ni nguvu, nao hauishii kwenye geti la gereza.